Ardhi Yetu Mbovu Imepata Bei

Mpwa wangu, karatasi yako nimeisoma yote, pamoja na ramani uliyoibandika nyuma. Nimeisoma polepole, kwa sababu macho yangu hayataki haraka tena na kwa sababu habari yenyewe si ngeni kwangu. Umeandika vizuri. Unasema upande wa mashariki wa kijiji, kuanzia korongoni hadi mpaka wa jirani zetu, kuna ardhi iliyochoka isiyo na kazi. Wageni wataleta mbegu za nyonyo, watanunua mavuno yote, mafuta yatakwenda kurusha ndege huko Ulaya, na hapa kijijini halitapungua hata debe moja la mahindi. Unataka mimi mjomba wako nisimame Jumamosi kwenye mkutano mkuu nikuunge mkono, maana vijana mmechoka kuambiwa na wazee subirini.

Nami nimechoka kuyasema haya. Niliyasema nikiwa bwana shamba, nikayasema nilipostaafu, na wengi waliokuja kunisikiliza walikuwa wameshatia sahihi. Wewe hujatia bado. Kwa hiyo acha niyarudie.

Mtu wa Nachingwea hana haja ya kusafiri ili ajue habari za mafuta ya ardhi tupu. Wewe umezaliwa reli imeshang'olewa, lakini ilikuwepo, na iliwekwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1946 Waingereza, wakiwa wametoka vitani na hawana mafuta ya kula, walituma ujumbe kukagua nchi. Ujumbe ulizunguka wiki tisa, sehemu kubwa ukiwa angani ndani ya ndege, ukaona pori, ukaandika kwamba zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa hapa Tanganyika, zinaweza kulimwa karanga. Mwaka uliofuata matrekta yakaingia Kongwa, kisha Urambo na huku kwetu. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikavutwa kutoka pwani kuja Nachingwea. Kule Kongwa mvua haina ahadi, na udongo ukikauka unashikana hadi jembe linaruka. Karanga huzaa chini. Ukishindwa kuzichimba umepanda bure. Wagogo walilijua hilo tangu enzi na enzi, ndiyo maana walifuga na kulima kwa kuchagua mahali. Kufika 1951 serikali ya London ilikuwa imefunga daftari, na zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda na upepo. Kwa nini pori lile halikuwa limelimwa miaka yote? Swali hilo lilipata wa kulijibu baada ya fedha kwisha.

Hilo la karanga utasema ni la wazee. La mbono je? Ulikuwa shuleni, unakumbuka. Bei ya mafuta ghafi ilikuwa inapanda, Julai 2008 pipa likafika dola 147, na ghafla mbono, mti uleule tunaoupanda makaburini na kwenye mipaka kwa kuwa mbuzi hausogelei, ukaanza kutajwa kwenye semina za hotelini. Tukaambiwa haudai mvua, haudai mbolea, wala haushindani na chakula. Tarehe 30 Desemba 2008 Air New Zealand ikarusha Boeing 747 kutoka Auckland, injini moja kati ya nne ikinywa mafuta ya kawaida na ya mbono nusu kwa nusu. Sehemu ya mbegu hizo ilitoka Tanzania, Malawi na Msumbiji. Ndege iliruka ikatua salama. Sina ubishi na hilo, mafuta ya mbono yanarusha ndege. Ugomvi wangu haujawahi kuwa na ndege.

Miaka hiyohiyo, Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels kutoka Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa hati ya miaka 99, eneo lililogusa vijiji 11. Agosti 2011 kampuni ikawa mikononi mwa wafilisi, vibarua kwa mamia wakarudi nyumbani, na ardhi ikapita kwa mwekezaji mwingine. Kilwa, hapa jirani, Bioshape kutoka Uholanzi ilichukua ardhi ya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Kule ni miombo na mipingo. Aliyeipita nchi ile kwa miguu hawezi kuiita jangwa. Shamba la mbono halikufika popote, na kampuni ikafilisika. Wenzetu Wakenya nao walikuwa na Dakatcha, msitu wa nyuma ya Malindi, ambako hekta 50,000 ziliombwa kwa ajili ya mti huohuo. Pale wenyeji na watetezi wa misitu walipiga kelele mapema, mradi haukupita.

Sasa nisikilize kwenye kazi yangu.

Mti kuishi ni jambo moja, mti kuzaa ni jambo jingine. Mbono utaishi kwa milimita 300 za mvua kwa mwaka. Utapukutisha majani, utanyamaza, utangoja. Lakini uzae mbegu za kuuza unadai zaidi ya milimita 600, na ukitaka uzae kwa kweli unadai 1,000 na kuendelea, tena na udongo wenye kitu ndani yake. Ng'ombe aliyekonda huvuka kiangazi, ila hakuna anayemfuata na kibuyu cha kukamulia. Wenye makadirio waliandika tani tano kwa hekta, wengine wakapandisha zaidi ya hapo. Mwaka 2009 Endelevu Energy, Kituo cha Kimataifa cha Kilimo Mseto na taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, walikwenda kuangalia mashamba ya wakulima wadogo wa Kenya wenyewe, si vitabu. Walikuta mavuno duni kiasi cha kushauri kwamba mbono usihimizwe kama zao la shambani, ubaki uzio. Utafiti huo ulitoka kabla ya Kisarawe kuanguka. Ulikuwa unasomeka, kwa anayetaka kusoma.

Isitoshe mbono ni wa ukoo mmoja na muhogo, na virusi vya batobato vimewahi kukutwa ndani yake. Huku kwetu, ambako mtu akikosa muhogo amekosa chakula cha akiba, jambo hilo peke yake lingetosha kuahirisha kikao.

Utaniambia karatasi yako haisemi mbono, inasema nyonyo. Ni kweli, na nyonyo ni zao la kueleweka. Tangu utoto wangu tunaziokota kando ya nyumba na kuziuza madukani. Mbegu yake karibu nusu nzima ni mafuta, na soko lake duniani ni la siku nyingi. Sehemu kubwa ya nyonyo za dunia inatoka India, hasa Gujarat. Ila wakulima wa Gujarat wanamwagilia, wanaweka mbolea, wanapanda mbegu chotara. Shamba lao linalishwa. Wewe umechukua mavuno ya shamba linalolishwa ukayaandika kwenye shamba ulilosema mwenyewe limechoka. Umeandika kilo kwa ekari. Hukuandika zilivunwa wapi.

Na mmea unaopenda palipochoka huwa haupendi kuondoka. Waulize watu wa Baringo, Kenya. Miaka ya 1980 waliletewa mti wa mathenge kwa nia njema kabisa, urudishe uoto kwenye nchi iliyomomonyoka. Ukarudisha, kisha ukameza malisho, ukafunga njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus iliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi kama kielelezo. Katika habari zote hizi za ardhi iliyoharibika, mbuzi yule ndiye shahidi ninayemheshimu zaidi.

Twende kwenye kuchuma, maana hapo ndipo karatasi nyingi huwa kimya. Shika kichala kimoja cha mbono. Utakuta tunda la njano, pembeni yake mawili yamekauka meusi, matatu bado mabichi, na juu yake maua yanaendelea kutoka. Huwezi kupita mara moja ukamaliza. Unarudi leo, unarudi wiki ijayo, unarudi tena. Nyonyo nazo ni hivyohivyo, shuke la kwanza linaiva wakati la tatu linachanua, na nyonyo zetu za kienyeji ukizichelewesha vidonge vinapasuka juani na mbegu zinaruka. Ukishachuma, unaanika, unapura, unapepeta. Kisha piga hesabu nami. Kilo nne za mbegu za mbono kwenye mashine nzuri hutoa lita moja ya mafuta. Tuseme dizeli kituoni ni shilingi 3,000. Hata kama senti zote za lita ile zingemrudia mchumaji, kilo yake isingezidi 750. Na haziwezi kumrudia zote, kwa sababu yuko mwenye mashine, yuko mwenye lori, ipo meli, yupo wakala, na wewe mpwa wangu umo, usijisahau. Nyonyo zina nafuu kwa mafuta kuwa mengi, lakini mkia wa watu wa kugawana ni uleule.

Halafu nyonyo zikipandwa na mvua za mwanzo wa mwaka, zitaanza kuiva wakati mama zako wako kwenye ufuta, na zitaendelea hadi kwenye mbaazi. Ufuta tunaula, tunaukamua, na tunaupeleka ghalani ukapigwa mnada kwa stakabadhi. Kwa malalamiko yote tuliyonayo juu ya makato ya ushirika, bei yake tunaisikia ikitangazwa mbele yetu. Mikono ya kuchuma mazao mawili kwa wakati mmoja haijaandikwa popote kwenye karatasi hii. Umeandika tu "ajira kwa akina mama".

Hili linalofuata ndilo nililokuitia.

Mafuta, ukiyachambua, ni kaboni, hidrojeni na oksijeni. Mti umeyatengeneza kwa hewa na maji. Lita ya mafuta ikitoka kijijini, udongo wetu haujapoteza karibu kitu. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu ambazo mizizi imezihangaikia ardhini zinabaki kwenye mashudu na kwenye maganda. Kwa hiyo zao la mafuta lina heri ambayo mahindi hayana. Unaweza kuuza kilicho ghali ukabaki na kile ambacho shamba linakidai. Sharti lake ni moja, kukamua kufanyike hapa na mashudu yarudi yalikotoka. Mashudu ya mbono na ya nyonyo yana sumu, huwezi kumlisha ng'ombe wala kuku, kwa hiyo hakuna atakayeyagombania. Ni mbolea, tena mbolea nzuri. Kwa ardhi iliyochoka kweli, hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mradi mzima, kabla ya senti moja ya nyonyo.

Nimetafuta neno mashudu kwenye karatasi yako, sikulipata. Nimekuta "mbegu zitasafirishwa kwenda bandarini". Nzima, na kila kilichomo. Maana yake ardhi unayosema imechoka utaipakia kwenye malori, msimu baada ya msimu, hadi Mtwara. Kule Makueni, Kenya, Eni ya Italia ilifungua kiwanda chake cha kukamua mwaka 2022, na mafuta ndiyo yanayopanda meli kwenda Gela, Sicily. Sijakuambia tuwaige kwa kila kitu. Nakuambia tu kwamba kukamua karibu na shamba kunawezekana, kwa hiyo asikuambie mtu kuwa haiwezekani.

Labda unajiuliza kwa nini watu wa mbali waifuate ardhi mbovu, na nzuri ipo. Hapo umekaribia. Ulaya walipotunga sheria yao ya mwaka 2009, kwamba kufikia 2020 asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu, waliogopa kulaumiwa kwamba wanachoma chakula cha watu. Wakaweka kivutio: mafuta ya zao lililopandwa kwenye ardhi iliyoharibika vibaya yanapata nafuu ya gramu 29 za kaboni kwa kila megajuli kwenye hesabu za uchafuzi. Mwaka 2024 mazao ya ardhi ya namna hiyo, yasiyo ya chakula, yakaingizwa kwenye orodha ya malighafi zinazopendelewa. Na tangu 2025 mafuta ya ndege yanayouzwa kwenye viwanja vyao lazima yachanganywe na mafuta endelevu, asilimia 2 kwa sasa, 6 ifikapo 2030, hadi 70 mwaka 2050. Mafuta ya mazao ya chakula hayahesabiwi humo.

Unaona biashara ilivyokaa? Alizeti ya shamba zuri haina nafasi huko. Nyonyo ya shamba zuri ina bei yake ya kawaida. Nyonyo ya shamba bovu ina bei na nyongeza. Kinachotafutwa hapa zaidi ya mbegu ni cheti cha ubovu, na cheti hicho kimeandikwa kwa mkono wako. Siwatukani waliotunga sheria. Walitaka kulinda chakula, na ni jambo la heri. Lakini mtu anayelipwa kwa ardhi kuwa mbovu hatajisumbua kuutafuta uzuri wake. Hiyo kazi inabaki kwetu.

Basi tuutafute. Upande ule wa mashariki unaouita hauna kazi, nani alikwenda huko Februari, ghala zikiwa tupu, kuchimba ming'oko? Mama yako. Kuni za kijiji zinatoka wapi? Fito za kujengea, nyasi za paa kwa wasioweza bati, mizinga iliyotundikwa na watu ambao hawapendi kusema wameitundika wapi? Wafugaji waliohamia mkoa wetu baada ya kuondolewa bonde la Ihefu wanapitisha ng'ombe pale kwenda majini, na tunagombana nao pale pale. Ukiifunga njia ile ugomvi utahamia kwenye mashamba ya ufuta. Na vile viwanja vinne vya vichaka unavyoona kwenye picha ya setilaiti vikiwa kijani hafifu, ni mashamba yanayopumzika. Wenyewe wapo. Shamba likichoka tunaliacha, vichaka vinarudi, baada ya miaka tunalirudia. Picha ya setilaiti haina namna ya kumwonyesha mwenye shamba aliyelilaza makusudi.

Sisemi ardhi yetu haikuchoka popote. Ule mteremko unaoshukia korongoni umekwisha, mawe yametoka nje, na kila masika korongo linakula hatua nyingine. Pale hakuna anayelima, hakuna anayechimba ming'oko, hata ng'ombe hawasimami. Pale ukinipa mistari ya mbono na nyonyo kwa kufuata kontua, na nyasi za vetiva katikati, nitakuja na jembe langu mwenyewe. Na mbono kwa uzio wa bustani nimeutetea maisha yangu yote. Arusha na Monduli, miaka ya mwanzo ya 2000, watu wa shirika la KAKUTE waliwafundisha akina mama kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mbono wa uzio. Mbegu za mipakani, bila kuchukua ekari ya mtu. Jambo dogo, halikufika kwenye magazeti ya London, na halikumfukuza mtu.

Ukubwa ndio unaonitisha, na sheria. Ramani yako inasema hekta 410. Umewahi kujiuliza kwa nini si 240? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhaulishwa na haifiki hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi unapanda kwa Waziri, na sisi tunabaki na kutoa maoni. Ikishahaulishwa inakuwa ardhi ya jumla, na mwekezaji akifilisika hairudi kijijini yenyewe; waulize Kisarawe. Tena Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo, inapoeleza ardhi ya jumla, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali Sheria Na. 5 haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana weee. Mimi naona tu kwamba kijiji kinachoandika chenyewe "haitumiki", kikapiga muhuri wa mtendaji, kimeshamsaidia wa upande wa pili.

Kwa hiyo nikikuunga mkono, nitaunga mkono karatasi nyingine, ambayo bado hujaiandika. Ardhi ibaki ya kijiji, wageni waje kama wanunuzi kwa kilimo cha mkataba. Waanze na mteremko na mipaka, pamoja na ekari moja moja za wanaotaka kujaribu, wewe ukiwa wa kwanza, kwa misimu mitatu, na mavuno yapimwe hapa kwa mizani ya ushirika. Bei ya chini kabisa iandikwe kwa shilingi, isiandikwe "bei ya soko". Mashine ya kukamua ije kabla ya lori la kwanza, na mashudu yawe mali ya mwenye shamba. Na ile nyongeza ya ubovu wanayopata huko kwao, waseme ni kiasi gani na sisi fungu letu liko wapi. Wakikataa hilo la mwisho nitaelewa, ni wafanyabiashara. Wakikataa la mashudu, mpwa wangu, usiwapeleke kwa mwenyekiti hata kwa chai.

Utasema masharti haya yatawakimbiza, wataenda kijiji cha pili, na wewe utapoteza kazi yako ya uwakala. Inawezekana. Una watoto wawili na karo ya Januari haingoji. Hilo nalijua na silichukulii kirahisi. Lakini wao wana sheria inayowalazimisha kupata mafuta kila mwaka hadi 2050, na wewe unazungumza nao kama muuza embe zinazooza.

Leo ni Jumatano. Keshokutwa nenda na mtendaji na mtoto mmoja mwenye simu nzuri, mtembee mpaka wote kwa miguu, si kwa pikipiki, na kila shamba linalopumzika mliandike kwa jina la mwenyewe. Yule bibi wa kando ya korongo hana simu na kwake ni mbali, kwa hiyo apelekewe taarifa ya mkutano leo hii, jua halijazama. Na ile ramani ya hekta 410 usiibandike ofisini kabla ya Jumamosi.